Mtani si Hasimu: Uhakiki wa Lugha na Ratiba za Soka la Vyuo

Kila muhula unapofunguliwa, mazungumzo ya soka katika vyuo vya upande huu wa Kampala, kuanzia Kansanga hadi hapa Kisugu, hurudi kwenye maswali mawili. La kwanza: hasimu wetu ni nani? La pili: kuna haja gani ya kucheza na timu isiyo ya ligi yetu? Makala haya yanahakiki majibu yanayotolewa mara kwa mara. Dai letu ni kwamba maswali hayo mawili ni swali moja, na kwamba lugha tunayoyaulizia ndiyo inayotupotosha.

Tuanze na ratiba. Ligi ya soka ya vyuo vikuu vya Uganda huzigawa timu katika makundi. Kila timu hucheza na wenzake wa kundi nyumbani na ugenini, kisha hufuata hatua ya mtoano. Mpango huu ni wa haki, lakini una pengo. Vyuo viwili vinavyotazamana ng'ambo ya barabara vikiangukia makundi tofauti, vinaweza kumaliza msimu mzima bila kukutana. Wanaopinga mechi za nje ya ligi husema kwamba basi lina gharama, wachezaji huumia, na kushindwa huvunja mioyo. Hoja hizo si za kubezwa. Hata hivyo, mara nyingi nyuma yake hujificha methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Tatizo ni kwamba anayecheza kwao tu hutunzwa na jamaa zake, naye hawezi kujua kama alicheza vizuri au alipendwa tu.

Mjadala huu upo pia Marekani, ingawa mchezo wao wa vyuo si soka letu. Huko vyuo hujipanga katika jumuiya za michezo, na kila timu hubakiwa na nafasi chache za kucheza na timu za nje. Wakubwa wengi huzijaza nafasi hizo kwa kuwaalika wadogo na kuwalipa, wakitarajia ushindi mwepesi. Septemba 2007 chuo cha Appalachian State kilialikwa na Michigan kwa namna hiyo, kikashinda 34 kwa 32 mbele ya wenyeji. Lakini fundisho kubwa zaidi linatoka Texas. Timu za Texas na Texas A&M zilikutana kila mwaka tangu 1915 hadi 2011. A&M ilipohamia jumuiya nyingine mwaka 2012, pambano hilo lilikufa, wala halikupangiwa siku nje ya jumuiya. Lilifufuka mwaka 2024, vyuo hivyo vilipojikuta tena katika jumuiya moja. Kwa miaka zaidi ya kumi mashabiki walikuwa na majina ya kuitana, ila hawakuwa na mahali pa kukutana.

Kwetu Afrika Mashariki, Kombe la Kagame ndilo mfano ulio karibu, kwani klabu hutoka katika ligi zao na kukutana na majirani. Mwaka 1975 fainali ya mashindano hayo ilichezwa Zanzibar, na Yanga iliifunga Simba 2 kwa 0. Miaka ya 1993 na 1999 Yanga ilikuja hapa Kampala na kulitwaa kombe mbele ya SC Villa. Mwaka 2003 Villa nayo iliifunga Simba katika fainali iliyochezwa papa hapa Kampala. Hayo ndiyo yaliyomfanya kijana wa Kampala azijue Jangwani na Msimbazi kabla hajafika Dar es Salaam. Lakini mwaka 2019 mashindano yalipofanyika Rwanda, Simba na Yanga hazikwenda. KCCA ilishinda, na ilistahili, ila kombe lisilo na watani hao lilipungukiwa ladha.

Sasa tuje kwenye lugha. Katika taarifa nyingi za michezo, na hata katika insha za wanafunzi wetu, timu shindani huitwa mahasimu. Msamiati mwingine hufuata hapo hapo: vita, kisasi, kipigo, kuangamiza. Ilhali Kiswahili kinalo neno lililo bora zaidi, nalo ni watani wa jadi. Utani si mzaha mtupu. Ni desturi yenye haki na wajibu, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani anaruhusiwa kukudhihaki hadharani, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini ukifiwa, ni yeye anayekuja kuhangaika na msiba wako. Hasimu hana wajibu huo. Anayemwita jirani yake hasimu amejifungulia ruhusa ya kumtendea lolote.

Je, neno pekee linatosha? La. Tarehe 8 Machi 2025 pambano la Simba na Yanga liliahirishwa baada ya Simba kugoma kucheza, ikidai ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Lilichezwa tarehe 25 Juni, na Yanga ikashinda 2 kwa 0. Katika miezi hiyo jina la watani lilibaki pale pale. Kilichokosekana ni kukutana. Hapa ndipo ratiba na lugha zinaposhikana mikono. Utani hulindwa na siku iliyokubaliwa na pande zote. Mtani usiyemwona hugeuka kuwa mgeni, na mgeni unayemsikia tu kwa maneno hugeuka hasimu upesi.

Neno la pili linalohitaji kuhakikiwa ni mechi ya kirafiki. Hupewa kila mechi ya nje ya ligi, na kwa kuwa ni ya kirafiki, timu hupeleka wachezaji wa akiba, hufika kwa kuchelewa, na matokeo hayaandikwi popote. Tunapendekeza mechi ya mwaliko. Mwaliko una adabu zake: mwenyeji hujiandaa, mgeni hufika kwa wakati, na mwakani aliyealikwa hualika. Kwa vyuo majirani, safari ya kurudisha mwaliko inaweza kwenda kwa miguu, na hoja ya gharama ya basi ikaisha.

Mwalimu anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu sana hapa Uganda. Idi Amin aliitangaza lugha hii kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi ilibaki kuwa sauti ya askari na amri. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto akirudi nyumbani na Kiswahili cha vita na kisasi, hata kama ni cha mpira tu, atathibitisha hofu ya bibi yake. Akirudi na Kiswahili cha utani, bibi atacheka, na lugha itakuwa imepata mlango.

Hivyo basi, walimu tuanze na zoezi dogo. Mwanafunzi aandike taarifa ya mechi moja mara mbili: kwanza kwa msamiati wa uhasama, kisha kwa msamiati wa utani, bila kubadilisha hata bao moja. Darasa lilinganishe ni taarifa ipi ingeweza kusomwa mbele ya timu zote mbili. Baada ya hapo, viongozi wa michezo wakae na majirani zao na kuandika tarehe moja ya mwaliko kwenye kalenda, ligi iwapange pamoja au isiwapange. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini ili likujue, ni lazima mkutane.