Goti la Akhwari na Ufundi wa Kurudi Mbioni

Kurudi kwenye mbio ndefu baada ya kuumia ni ufundi unaojitegemea, na ushujaa una nafasi ndogo ndani yake. Mkimbiaji jasiri anaweza kuwa fundi mbovu wa kurudi. Moyo uleule uliomfanya amalize mashindano akichechemea ndio unaomrudisha barabarani wiki ya pili, kabla uvimbe haujaisha.

Mfano mkubwa unatoka Mbulu, kwenye nyanda zinazopakana na uwanda wa kati wa Tanzania kwa upande wa kaskazini. Tarehe 20 Oktoba 1968 John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, kisha katika kusukumana kugombea nafasi akaanguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza likitanda, kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Picha ya goti lile lililofungwa imezunguka dunia, na inastahili. Lakini wasimuliaji wengi huishia hapo, na hivyo humpunja. Julai 1970, miezi 21 baadaye, Akhwari alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2:15:05. Wolde alikuwa ametwaa dhahabu ya Mexico kwa 2:20:26. Miinuko ya miji hiyo miwili haifanani, hivyo nyakati hizo hazipimani sawasawa, ila zinatosha kuonyesha kwamba goti lilipona kweli. Anayetaka kujifunza uvumilivu atazame Mexico. Anayetaka kujifunza ufundi aanzie Edinburgh.

Ugumu wenyewe uko hapa: sehemu za mwili hazipoi kwa mwendo mmoja. Mkimbiaji akilala wiki mbili, ujazo wa damu hupungua na moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Lakini pumzi hurudi upesi akianza tena. Misuli, yenye damu nyingi, hupona kwa wiki chache ikiwa haikuchanika sana. Mfupa wenye ufa wa uchovu mara nyingi hudai wiki sita hadi nane. Kano, ambazo hupata damu kidogo, huenda kwa miezi. Basi hufika siku ambayo kifua ni chepesi, hamu imerudi, na kano ya kisigino bado haijakomaa. Hiyo ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa sababu mkimbiaji hana maumivu ya kumzuia.

Siku za mwanzo zina kosa lake la nyumbani. Kifundo kikiteguka, katika familia nyingi hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu usiku uleule. Joto huongeza damu mahali penye mishipa iliyopasuka, na asubuhi uvimbe umezidi. Kwa siku mbili tatu za kwanza hufaa kitu cha baridi, bandeji ya kubana kiasi na mguu kuinuliwa. Kukanda kuna zamu yake baadaye. Goti linalokwama, au mguu usioweza kukanyagwa, si kazi ya mchuaji hata kidogo. Hupelekwa hospitali.

Kabla mguu haujaruhusiwa kubeba uzito, dawa nzuri ya pumzi ni maji. Mwogeleaji Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyekatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya mwaka 2001, alirudi majini akafika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akawa wa 16 katika kuogelea kilomita 10 kwenye maji ya wazi, mashindano yanayochukua muda wa saa mbili hivi kama marathoni. Uwanda wa kati hautoi nafasi hiyo kirahisi. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, na maji yaliyotuama huweza kuwa na konokono wa kichocho. Baiskeli ndiyo mbadala wa kweli, na Dodoma haina uhaba wa baiskeli.

Kisha huja kutembea, kisha dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea. Umbali huongezwa kabla ya kasi, na vilima huachwa mwisho. Kipimo ni maumivu ya asubuhi inayofuata: kano iliyoamka imekakamaa kuliko jana inasema mzigo ulizidi. Pumziko peke yake haliimarishi kano. Kupanda na kushuka kwa visigino kwenye ngazi, polepole, huiimarisha.

Ardhi ya Dodoma husaidia na pia hudanganya. Kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na kiangazi kinachodumu karibu Mei hadi Novemba, njia za udongo mwekundu huwa kavu na tambarare kwa miezi mingi. Makorongo ya mchanga huonekana laini kwa mguu mgonjwa, kumbe mchanga huzamisha kisigino na kuivuta kano kila hatua. Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, wa kwanza kati ya hiyo, 1988, kwa kuzidiwa sekunde moja na Ibrahim Hussein wa Kenya. Alisifika kwa wingi wa mazoezi yake. Wingi huo ulibebwa na mwili uliojengwa kwa miaka. Anayetoka kuumia akiiga ratiba ya bingwa wa aina hiyo hujiumiza upya.

Mashindano ya kwanza huwa mafupi, na hukimbiwa kama zoezi. Kabla ya hapo hupimwa miguu yote miwili, kwa kuruka mguu mmoja mmoja. Tofauti ya umbali ikiwa imeshuka chini ya asilimia 10, mkimbiaji yuko karibu. Mguu uliokuwa mzima nao hukaguliwa, kwani kwa miezi kadhaa ndio uliobeba mzigo wa mwenzake, na mara nyingine jeraha la pili hutokea huko.