Kupokezana Pumzi

Katika mazoezi ya kwaya, wimbo wenyewe husikika mwishoni. Anayepita karibu na kanisa jioni ya katikati ya juma, iwe Dar es Salaam, Moshi au Iringa, husikia besi peke yao wakirudia kipande kifupi mpaka mpita njia akakishika kichwani. Baada yao husimama sauti ya tatu, kisha sauti ya pili, ambao kazi yao ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Sehemu ya sauti ya pili ikiimbwa peke yake haina utamu. Hukaa kwenye nota mbili tatu, hupanda kidogo, hushuka kidogo, na anayeimba hawezi kwenda nayo nyumbani akaipigia mluzi. Lakini ikikosekana wimbo mzima unabaki na uwazi katikati. Watu wanajifunza sehemu hiyo kwa saa mbili, wametoka kazini na sokoni, wakijua kwamba siku ya kuimba masikio ya wasikilizaji yatakwenda kwa sauti ya kwanza.

Mbele ya mwalimu pana karatasi iliyojaa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huonyesha sauti inayovutwa, na juu ya ukurasa pameandikwa do ya wimbo huo ianzie wapi. Mbinu hii ina asili ya Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, aliibuni ili watoto waweze kuimba kwa kusoma, na mchungaji John Curwen akaiendeleza baada ya kuombwa, mwaka 1841, atafute njia bora ya kufundisha uimbaji katika shule za Jumapili. Alikuwa akiwafikiria watu wasio na kinanda wala fedha za vitabu vya muziki. Nota za mistari mitano zilihitaji mchapaji maalumu. Hizi za herufi ziliweza kupigwa kwa mashine yoyote ya chapa, au kunakiliwa kwa kalamu kwenye daftari la shule.

Ndiyo maana zilipofika Afrika kupitia misheni zilitua kama zilizokuwa zikisubiriwa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alikuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo kwa nota hizi, na mmoja aliouandika mwaka 1897 ndio ambao leo Watanzania husimama wima kuuimba, Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wetu wa taifa ulitungwa uimbwe na kwaya ya shule.

Karatasi hata hivyo haisemi kila kitu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tenzi nyingi tulizorithi zilitafsiriwa kwa kufuata idadi ya silabi za tuni ya Kijerumani au ya Kiingereza, hivyo pigo zito huangukia pasipostahili. Neno "Mwokozi" likigongwa kwenye silabi yake ya kwanza linasikika kama limesemwa na mgeni. Mwalimu hodari hulitibu hilo bila kugusa nota: huwaambia waimbaji walegeze pigo, wauegemeze mdomo kwenye "ko", na mstari unarudi kuwa Kiswahili. Padre Stephen Mbunga aliitafakari mapema nafasi ya muziki wetu kanisani, katika kitabu chake Church Law and Bantu Music cha mwaka 1963. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati iliyofungua mlango kwa muziki wa mapokeo ya kila taifa katika ibada. Watunzi waliofuata waliandika nyimbo ambazo tangu nota ya kwanza zinafuata namna tunavyozungumza, na tofauti inasikika.

Halafu kuna pumzi. Nota ya mwisho ikivutwa mapigo manane au kumi, hakuna kifua cha mtu mmoja kinachoitosha kwa nguvu ileile. Wote wakivuta hewa pamoja, wimbo unakatika. Kwa hiyo hupokezana: mmoja anapunguza sauti taratibu, ananyamaza, anavuta hewa, anarudi kwa upole bila kugonga herufi, wakati jirani yake ameshikilia. Kisha zamu ya jirani. Msikilizaji husikia sauti moja isiyokatika. Ustadi wenyewe uko katika kurudi. Anayerudi kwa kishindo anawafichua wenzake wote.

Mimi naamini tabia hii haibaki kwenye wimbo. Tazama mfuko wa kwaya. Mwanakwaya akifiwa, wenzake hufika msibani na rambirambi, na wanaimba usiku kucha. Wakitoa albamu, mgeni rasmi hualikwa kwenye uzinduzi, nakala ya kwanza hununuliwa kwa bei ya juu sana, na watu hujitokeza mmoja mmoja kuwatuza waimbaji. Sehemu ya fedha hizo huenda kwenye vyombo na sare. Sehemu nyingine hugeuka unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na madaftari kwa kituo cha watoto yatima, au bili ya mgonjwa asiye na ndugu. Mwezi ambao mmoja hana mchango, mwingine anaujazia, na jina halitajwi.

Kwaya pia huwaimbia wagonjwa hospitalini, na ziara hizo za wodini ndizo zinazoupima ufundi kuliko tamasha lolote. Hakuna kinanda wala spika. Lazima kuimba kwa sauti ndogo, na kwaya ikipunguza sauti huelekea kuteremka. Do hushuka kidogo kidogo, na kufika ubeti wa tatu besi hawana pa kwenda. Kuidhibiti kunataka tumbo lililokaza na koo lililolegea, pamoja na masikio yanayowafuata wengine zaidi ya kujifuata yenyewe. Mwalimu hulizoesha hilo majuma kadhaa kabla, kwa mlango uliofungwa na taa moja.

Kisha mgonjwa fulani, bibi wa kitanda cha dirishani, humwomba mwalimu wimbo ambao hawakuuandaa, kutoka Tenzi za Rohoni, na badala ya kusubiri anauanzisha mwenyewe. Sauti yake iko chini kuliko kitabu kinavyosema. Katika nota za herufi do haina mahali pa kudumu, kwa hiyo hakuna anayemsahihisha: ile aliyoishika yeye inakuwa do ya wimbo. Sauti ya pili wanaipata kabla mstari wa kwanza haujaisha, sauti ya tatu wanafuata, besi wanatafuta chini kadiri wanavyoweza, na mwalimu anaushusha mkono wake, anaimba naye.