Mafuta ya Viungoni

Anayeiona injini nambari 611 kwa mara ya kwanza huanza na pua yake: nyeusi, ya mviringo kama ncha ya risasi, na mstari mwekundu wenye kingo za dhahabu ulionyooka ubavuni hadi kwenye behewa la makaa. Ni nzuri, sikatai. Lakini injini nyingi za Marekani zilivalishwa ganda la kukata upepo miaka ya 1930, na nyingi zikavuliwa baadaye kwa sababu liliwazuia mafundi kufika palipohitaji spana. Mimi naipenda 611 kwa yaliyo chini ya ganda.

Ilitoka mwaka 1950 katika karakana ya reli ya Norfolk and Western mjini Roanoke, Virginia. Kampuni hiyo haikuiagiza kwingine. Wafanyakazi wake wenyewe walibuni na kuunda injini zote 14 za aina ya J, 611 ikiwamo, kuanzia 1941. Kazi yao ngumu ilikuwa milima. Gurudumu kubwa hukimbia tambarare na kulegea mlimani. Dogo hupanda vizuri, ila likienda kasi ile mikono ya chuma inayolizungusha hupiga kwa kishindo hadi reli zikaumia. Wao walichagua kipenyo cha sentimita 178, kidogo kwa treni ya abiria, kisha wakaketi na hesabu za uzito mpaka zikalingana. Wakaipunguza uzito mikono hiyo, wakaweka beringi za rola kwenye ekseli zote na hata viungoni mwa mikono yenyewe. Kwenye majaribio, J ilivuta mabehewa 15 ikafika kilomita 177 kwa saa.

Na mafuta! Injini ya kawaida humtaka mtu aizunguke na kopo, kiungo baada ya kiungo. Katika J, pampu zilipeleka mafuta sehemu zaidi ya 200 huku magurudumu yakizunguka. Ilipofika bandani ilikaguliwa, ikatiwa grisi, ikajazwa maji na makaa, na baada ya saa moja hivi ilikuwa tayari kwa safari.

Mwaka 1952 kampuni ilizishindanisha injini zake za mvuke za mizigo na dizeli, tofauti ikawa ndogo. Lakini viwanda vya vipuri vya mvuke vilikuwa vikiacha kazi kimoja kimoja, na karakana moja, hata iwe hodari vipi, haiwezi kujitengenezea kila kitu. Kufikia 1960 moto ulikuwa umezimwa.

Kilichoiokoa 611 ni ajali. Januari 1956 ilianguka kando ya mto Tug, ikarudishwa karakana na kutengenezwa upya. Wenzake 13 walipokatwa kuwa vyuma chakavu, yenyewe ilikuwa bado imara, ikabakizwa. Mei 2015, baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa huko Spencer, North Carolina, ilirudi Roanoke kwa mvuke wake yenyewe.