Inama Uchague

Nairobi kuna duka la vitabu la kusimama na duka la vitabu la kuinama. La kusimama lina mlango, mlinzi na bei iliyobandikwa nyuma ya kitabu. La kuinama ni turubai iliyotandikwa kando ya njia, Tom Mboya Street, Moi Avenue, Latema Road, vitabu vimelazwa chini na wewe mteja unainama kusoma majina. Ndiyo maana watu wa mjini wanayaita "inama", kama vile wanavyoita nguo za mitumba zinazouzwa chini. Toleo lililopita la jarida letu mwenzangu alihakiki riwaya. Mimi naomba nihakiki maduka yenyewe, kwa sababu mtu anayepanga vitabu naye anasema kitu. Ameamua hiki kikae mbele, hiki kijifiche nyuma, na hiki kisiwepo kabisa.

Nianze na ya kusimama, huko sitakaa sana. Duka linalojulikana kuliko yote ni Text Book Centre, lililoanza mwaka 1964, na jina lake limeshasema kila kitu: vitabu vya shule. Simlaumu mtu. Biashara ya vitabu Kenya inasimama juu ya shule, wachapishaji wanakula kwa shule, na wazazi hawana njia, lazima wanunue. Lakini angalia matokeo yake kwenye rafu ya Kiswahili. Unafika pale unakuta vitabu vya kutahiniwa, kama vilivyokuwa miaka iliyopita Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Kigogo cha Pauline Kea, na pembeni mwongozo wa kitabu, mwongozo mwingine wa kitabu hicho hicho, na wa tatu. Siku nyingine miongozo ni mingi kuliko riwaya yenyewe! Kitabu kikitoka kwenye mtihani, kinatoka pia kwenye rafu. Ukiuliza Kuli cha Shafi Adam Shafi, kijana wa duka anakuangalia kama umeuliza dawa ambayo haitengenezwi tena.

Halafu kuna bei. Tangu sheria ya VAT ya 2013, kitabu Kenya kinatozwa ushuru wa asilimia 16 kama vitu vingine vingi vya dukani. Riwaya mbili mpya zinakula sehemu kubwa ya posho yangu ya mwezi, na sisi tunaolipwa posho kambini tunajua posho ni nini. Katika duka moja, ambalo sitalitaja, mlinzi alinifuata kutoka rafu hadi rafu mpaka nikaona aibu kushika kitu. Huwezi kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu mtu akikupumulia shingoni.

Ila si yote ya kusimama yako hivyo. Prestige, pale Mama Ngina Street, limejaa vitabu vya kila aina na unaweza kupotelea humo. Nuria, upande wa Moi Avenue, limefanya jambo ambalo wakubwa hawakutaka kulifanya: linauza vitabu vya watu waliojichapishia wenyewe. Niseme ukweli, vingine havijapita kwa mhariri hata siku moja. Utakutana na "maisha yangu kutoka umaskini hadi mafanikio" mara kumi, kumi na tano. Lakini humo ndani kuna mwalimu ameandika kuhusu mji wake mdogo, kuna mwanamke ameandika kuhusu ndoa yake, mambo ambayo mchapishaji wa vitabu vya shule hawezi kuyagusa. Na si jambo jipya. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa After 4.30 mwaka 1974. Wasomi wakamkemea, watu wa kawaida wakanunua. Kwa hiyo anayecheka wanaojichapishia leo, akumbuke kwamba Nairobi ilishapita hapo.

Sasa tuiname.

Tabaka la juu la turubai ni la pesa na mamlaka. Rich Dad Poor Dad, Think and Grow Rich, The 48 Laws of Power, hizo tatu utazikuta kila kona, na mara nyingi ni nakala za wizi. Utazijua: picha ya jalada ina ukungu, maandishi yamepanda kwa upande mmoja wa ukurasa, gundi inaachia ukikunjua mara ya pili. Mwandishi hapati hata senti. Kwa Kiyosaki sina machozi mengi, lakini mtindo huo huo wanafanyiwa pia waandishi wa hapa, na hapo naona muuzaji anakata tawi alilokalia.

Tabaka la pili ni Wamarekani na Waingereza wa zamani: Sidney Sheldon, Danielle Steel, John Grisham, James Hadley Chase. Hivi ni mitumba ya kweli. Vimekuja kwa meli, vingine vina muhuri wa maktaba ya mji fulani wa Marekani au Uingereza, na muhuri mwingine juu yake unaosema kimeondolewa, hakihitajiki tena. Ndani unakuta tiketi ya treni, orodha ya kununua maziwa na mayai, au "kwa mama, Krismasi" na mwaka. Mimi napenda kusoma hayo maandishi. Kitabu cha mitumba kimeshahama mara nyingi kuliko wengine wetu.

Tabaka la tatu liko chini kabisa, na ndilo linafanya mtu aumwe mgongo. Hapo ndipo Nairobi inaweka vitabu vyake. Vile vyenye rangi ya chungwa vya African Writers Series, mfululizo ulioanza mwaka 1962 na Heinemann, Chinua Achebe akiwa mshauri wake. Niliwahi kushika nakala ya Weep Not, Child ambayo jalada lake linasema mwandishi ni James Ngugi. Kitabu kilitoka 1964, kabla hajaliacha jina la James. Unaweza kufundishwa darasani mwaka mzima kuhusu Ngũgĩ wa Thiong'o na suala la majina na lugha, lakini ukishika lile jalada unaelewa kwa dakika moja. Muuzaji alitaka 400. Nikampa 250 na hadithi ya safari yangu, akakubali.

Na pale chini kuna Kiswahili kilichofukuzwa madukani. Utengano cha Said Ahmed Mohamed. Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, vya Ken Walibora, yule aliyegongwa na basi Landhies Road Aprili 2020 na Kiswahili kikabaki yatima kidogo. Hizi nakala zilikuwa za wanafunzi, na wanafunzi wameandika pembeni kwa penseli: "maudhui, ufisadi", "sitiari", "hapa Amani ni mvumilivu". Kuna mmoja alifika ukurasa wa 40 akaanza kuchora mpira. Unasoma riwaya, unasoma na uchovu wa mtoto aliyelazimishwa kuisoma. Uhakiki gani mwingine utakuambia ukweli kama huo kuhusu namna tunavyofundisha fasihi?

Kitu ambacho watu wanaoandika kuhusu inama hawakisemi vya kutosha ni kazi ya muuzaji. Wanasema ni maskini anayehangaika, wanasikitika, basi. Hapana bwana. Mzee mmoja ninayenunua kwake pale Latema anajua vitabu kuliko walimu wangu wawili wa sekondari, na sitii chumvi. Nilimwambia natafuta Rosa Mistika cha Kezilahabi. Hakuangalia simu, hakuangalia daftari. "Kijana yangu, hicho cha 1971? Hicho kiliwahi kukatazwa shuleni, kwa hiyo watu wakikipata hawakiachii. Nipe wiki mbili." Huyu mzee anapofungua gunia la vitabu vilivyotoka ng'ambo, anatupa zaidi ya nusu. Anajua nani atapita jioni akitoka kazini, nani anasoma mapenzi, nani anasoma siasa, nani anajifanya anasoma siasa. Anachagua huku anawaza watu. Na askari wa jiji, kanjo, wakitokea, anakunja turubai kwa pembe zake nne na maktaba nzima inaondoka mbio. Maktaba ya McMillan iko pale Banda Street tangu 1931, ina nguzo na simba wa mawe mlangoni, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ya mzee wa Latema haina hata kiti, lakini hajawahi kumzuia mtu.

Ila nisiisifu inama kupita kiasi. Kwa sisi tuliotoka Kongo na Burundi, ile barabara ni kiziwi. Kifaransa hakuna, labda kamusi na kitabu cha sarufi cha shule. Nilitafuta Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, nikakionyeshwa kwa Kiingereza tu, tena si kwenye inama. Kisomali, Kirundi, Kinyarwanda, Kidinka, usisumbuke. Nairobi ina watu wa lugha hizo maelfu kwa maelfu, wanauza, wananunua, wanalipa kodi ya nyumba, lakini kwa rafu za vitabu ni kama hawajafika bado.

Sasa nageuka kwa ndugu zetu wa mashirika, ambao pia mnasoma jarida hili, na naomba mnisikilize bila hasira.

Vitabu vilivyoko kwenye kituo chetu cha vijana hapa kambini vinatoka kule kule vinakotoka vya inama. Muhuri ni ule ule. Maktaba ya mbali imevichoka, vimepakiwa kwenye sanduku, vimepanda meli. Tofauti ni moja tu: kati ya sanduku na sisi hakuna mzee wa Latema. Hakuna aliyefungua akatupa nusu. Kwa hiyo tuna mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, tuna nakala sita za kujiandaa na mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, na tuna kitabu kizuri sana, chenye picha za rangi, cha kujifunza kuteleza kwenye theluji. Kakuma! Vinahesabiwa, vinapigwa picha, vinaingia kwenye ripoti. Kijana anaingia, anaona rafu imejaa, anatafuta dakika kumi, anatoka. Halafu tunaambiwa kwenye mkutano kwamba vijana wa kambi hawana utamaduni wa kusoma.

Najua jibu, nimeshalipewa: kitabu cha bure ni bora kuliko kukosa. Mimi nasema si lazima. Rafu iliyojaa takataka inamfundisha mtoto kwamba vitabu ni vitu visivyomhusu, na somo hilo likishaingia, kulitoa ni kazi. Mwaka huu nilipopata kibali cha kusafiri kwa ajili ya mafunzo ya siku nne, kikundi chetu cha kusoma kilichanga pesa. Nilirudi na vitabu kumi na moja kwenye begi la mgongoni. Vimeshazunguka mikono mingi kuliko rafu nzima ya msaada, na daftari la kuazima lipo, mtu aje aangalie.

Kuna swali gumu zaidi, na aliniuliza mwenzangu wa kituo. Kama kuchagua ndiyo kitu kikubwa, mbona orodha niliyopewa na vijana kabla ya safari nusu yake ilikuwa vitabu vya kutajirika? Kweli ilikuwa hivyo. Mtu ambaye haruhusiwi kwenda mji wa pili bila karatasi, ambaye kupata kazi ya mshahara kamili ni ndoto, anataka kusoma namna ya kuwa tajiri ukiwa na bidii. Mimi naviona vile vitabu ni vya uongo kwetu sisi hasa, kwa sababu vinasema mlango uko ndani ya kichwa chako, na sisi tunajua mlango uko wapi na nani ana ufunguo. Lakini nilinunua kimoja, tukakisoma pamoja kwa jioni tatu, tukakigombania. Dada mmoja wa Kirundi alisema yeye hakijamdanganya, kimemsaidia kupanga hesabu za kibanda chake cha mandazi, na sisi wanaume tunaokicheka tuonyeshe zetu. Sikuwa na la kumjibu wala sikulitafuta. Mjadala kama huo haujawahi kutokea juu ya kitabu cha theluji.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na lina bei. Pesa za kusafirisha sanduku moja zitumike kumtuma mtu mmoja mjini na orodha, mara mbili kwa mwaka, akae kwenye inama siku mbili, amalizie Nuria, arudi. Kibali kitolewe kwa kazi hiyo, kama kinavyotolewa kwa semina. Mtu huyo asiwe mimi kila mara. Awepo mwanamke, awepo Msomali, awepo wa Sudan Kusini, kila mtu na jicho lake.

Mzee wa Latema alinipigia simu wiki jana. Rosa Mistika amepata, nakala moja, jalada limechanika kidogo lakini kurasa zote zipo, 300. Ameiweka kando mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mwenye kibali cha Nairobi kabla ya hapo anione kituoni jioni yoyote isipokuwa Ijumaa, nimpe pesa na nimwelekeze mahali mzee anapotandika.