Jini Aliyemsemesha Uhura Kiswahili

Mashabiki wa Star Trek wana mazoea yao wakifika kwenye kipindi cha "The Man Trap". Watakukumbusha kwamba ndicho kilichotangulia kurushwa hewani Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Watakutajia Luteni Uhura, mwanamke mweusi mwenye cheo ndani ya chombo cha anga, enzi ambazo runinga ya kwao ilizoea kuwapa wanawake weusi kazi za ndani. Jina lake limechongwa kutoka neno letu uhuru, na humo ndani anasemeshwa Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alipofariki mwaka 2022, sifa hizo zilirudiwa kila mahali, na alizistahili.

Mimi nimekitazama kipindi hiki mara kadhaa na watu wa Msambweni na Ukunda: jamaa zangu, na majirani waliosikia kuna muvi wakaja na viti vyao. Hakuna hata mmoja aliyeanza na sifa za Uhura. Wote walianza na jini.

Kwa ambaye hajakiona, habari yenyewe ni hii. Kwenye sayari ya mbali anaishi Profesa Crater na mkewe Nancy. Lakini yule si Nancy. Nancy alishauawa, na aliyevaa sura yake ni kiumbe wa mwisho wa jamii yake, anayeishi kwa chumvi. Akiikosa anaifyonza kwenye miili ya watu, na kila anayemtazama humwona kwa sura inayomvutia. Akishaingia chomboni anamkuta Uhura, dada wa watu, mpweke. Awali Uhura alikuwa akimchokoza Spock ampe walau neno tamu, akaambulia patupu. Kiumbe anageuka mwanamume mweusi mtanashati na kumsemesha Kiswahili.

Hapo watu huangua kicheko, maana Kiswahili chenyewe ni cha kuokoteza. "Huyu wa bara," alisema binamu yangu, "tena hata bara kapita tu." Shangazi yangu hakucheka. Kwake yeye habari hiyo ni ya tangu utotoni: mgeni mzuri usiyemjua, anakutokea uko peke yako, anajua unachowaza, anasema lugha ya kwenu. "Mwangalieni miguu," akasema, maana jini hujificha kote isipokuwa kwenye kwato. Na mzee mmoja mvuvi akauliza, "Kwani shida yake ni chumvi tu? Si wangemleta hapa? Bahari yote hii!"

Aliyenizindua hasa ni kijana anayeuza vikoi ufuoni Diani. Alitazama ile sehemu mara mbili, kisha akasema, "Huyo ni sisi." Yeye humwamkia Mjerumani kwa Kijerumani na Mwitaliano kwa Kiitaliano, na anajua fika kwamba mtu akisikia lugha ya kwao, mkono unakaribia mfuko. Jirani akamkata kalima: si nyinyi peke yenu, hata dalali wa mashamba akija kwa bibi huanza kwa Kidigo safi, anauliza hali ya wajukuu mmoja mmoja, na karatasi anaitoa mwisho.

Ndiyo maana siwezi kuisherehekea ile sehemu kama wanavyoisherehekea wengi. Mashabiki wa mbali husikia Kiswahili kikipewa heshima angani. Watazamaji wa hapa walisikia njaa. Humo chomboni anayejishughulisha kumsemesha Uhura kwa lugha hiyo ni yule tu anayetaka kumla. Pengine mwandishi wake, George Clayton Johnson, hakukusudia hivyo, lakini ndivyo kipindi kinavyofanya kazi, na kinafanya kazi vizuri kwa sababu upweke wa Uhura ni wa kweli. Wenzake wanamhitaji apokee na kupeleka ujumbe. Hakuna anayemuuliza ana hamu ya kuzungumza na nani.

Mwisho ndipo baraza lilipogawanyika. Profesa Crater anamtetea yule kiumbe kwa kumfananisha na nyati wa Marekani, waliokuwa wengi wasiohesabika kabla ya kupigwa risasi wakakaribia kwisha. Hata hivyo kiumbe anauawa, naye Kapteni Kirk anabaki akiwawaza wale nyati. Wengine walisema afe tu, kaua watu. Yule mvuvi alikataa katakata. Alikumbusha kwamba Shimba Hills ndiko waliko palahala pekee wa porini waliobaki Kenya. "Na akibaki mmoja, akaingia shambani kwako?" akaulizwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angemfukuza, asingemuua.

Mimi naona kipindi kinakosa ujasiri papo hapo. Huruma yake inakuja risasi ikishatoka, nayo huruma ya namna hiyo haimgharimu mtu kitu. Chumvi ilikuwepo chomboni. Profesa aliishi na kiumbe yule kwa kumpa hiyo hiyo chumvi, akijua fika ni nani aliyemuua mkewe. Kati ya kumwachia aue na kumuua palikuwa na nafasi ya mazungumzo, na hadithi inaipita mbio.

Tena kuna jambo ambalo kila nikikitazama linanisumbua zaidi. Kiumbe anasema kama Nancy na anasema Kiswahili. Hata anapokaribia kufa anamsihi Daktari McCoy kwa sura na sauti ya Nancy. Lugha ya kwao, ile aliyoizungumza na wenzake kabla hawajaisha, hatuisikii hata neno moja.

Nilimuuliza shangazi angefanyaje kama angekuwa Kirk. "Chumvi ningempa," akasema. "Lakini ningemwekea nje, na mlango ningefunga."

Katika mengi niliyoyasikia juu ya kipindi hiki, sijapata hukumu inayonitosheleza kuliko hiyo.