Kikao cha Kwanza Machimboni

Vitabu vya ushauri nasaha huandikwa kana kwamba mteja atarudi wiki ijayo. Kwenye machimbo ya Geita na Kahama mara nyingi harudi. Dhahabu ikilipuka upande wa Mbogwe, binti uliyempangia kikao cha pili Alhamisi ameshahama na mama yake na masufuria ya kuuzia chakula, na namba ya simu aliyokuachia ni ya jirani. Afisa ustawi wa jamii wa ukanda huu inabidi aendeshe kikao cha kwanza akijua huenda hakuna kingine.

Stadi hiyo hupatikanaje? Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago, iliwahi kuandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii kwa ajili ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, wakati UKIMWI umeacha yatima wengi na maafisa ni wachache. Mwanafunzi alikaa siku chache darasani, akafanya kazi kwa miezi chini ya msimamizi, kisha akarudi darasani. Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye kule kurudi: anakuja na shauri lililomshinda, na somo linaanzia hapo.

Chukua igizo dhima la kawaida. Mmoja ni afisa. Mwenzake anaigiza mvulana wa miaka 13 anayebeba mawe kutoka duarani, yaani shimo la kuchimbia, hadi kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, kazi ambayo shirika la Human Rights Watch iliieleza katika ripoti yake ya 2013 kuhusu watoto wa machimboni.

“Kwa nini huendi shule?”

Kimya. Mkufunzi anasimamisha igizo, maana hilo ni swali la mwalimu aliyeshika fimbo. Rudia.

“Jana ulianza kazi saa ngapi?”

“Saa kumi na moja alfajiri.”

“Nani alikuamsha?”

Anasita. “Bibi.”

Sasa kuna bibi, kuna nyumba isiyo na mama, na pengine kuna deni la unga dukani. Maswali mawili ya tukio yametoa kile ambacho “kwa nini” lilikifungia. Na pale aliposita, afisa alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu zaidi kufundisha, kwa sababu wengi wetu tumezoea kwamba mkubwa akikaa na mtoto lazima atoe neno.

Mengine ya vitabuni yanahitaji kukatwa na kushonwa upya. Gerard Egan, katika kitabu chake The Skilled Helper cha 1975, anataka msaidizi amkabili mteja na kumtazama machoni. Kijana wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mtu mzima, na afisa asiyejua hilo ataandika kwenye faili kuwa “hatoi ushirikiano.” Mkae benchi moja, ubavu kwa ubavu. Kwa bibi yake, anza na “Mwangaluka, mayu,” kisha mvua, kisha mifugo. Dakika hizo ni sehemu ya kikao. Kama anazungumza Kisukuma tupu, usimwite jirani akutafsirie. Jioni mtaa mzima utakuwa unajua.

Siri nayo ina mpaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika uchimbaji, na inamtaka mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa au halmashauri yake. Afisa anayeanza na “haitatoka hapa” ameahidi asichoweza kutimiza. Aseme mapema kipi atabaki nacho na kipi atalazimika kukipeleka, hata kama mtoto atafunga mdomo kwa muda.

Kabla ya kuagana, mtoto awe amekariri 116, namba ya msaada kwa watoto inayopigwa bure, na awe amemtaja mtu mzima mmoja anayemwamini kule familia inakoelekea. Siku hiyohiyo afisa ampigie mwenzake wa halmashauri ya huko, maana faili likisubiri barua rasmi, mtoto atakuwa ameshahamia machimbo mengine.