Fundi Cherehani na Uti wa Mgongo wa Begi

Barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga ikishapita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, hutokea Kibaoni, nyumbani kwa Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015. Ukanda huu una wafugaji wa nyuki, na asali haipatikani bila miguu: mrina huingia miomboni na maji, unga, kamba na ndoo.

Mtu huyu anahitaji begi zuri kuliko hata mtalii. Anayeweza kumshonea ni fundi cherehani, ambaye pongezi humfikia kwa nadra, tena mara nyingi kwa sababu ya sare za harusi.

Mwaka 1967 Mmarekani Greg Lowe aliiingiza fremu ndani ya begi, na kanuni yake inashoneka popote. Fito mbili za alumini bapa hupindwa kufuata mgongo, kisha huchomekwa kwenye mifuko miembamba iliyoshonwa upande wa mgongoni. Chini hukaa mkanda wa kiunoni uliojazwa sponji. Fito zikiufikia mkanda, uzito hushuka nyongani na mabega yakapumua. Zisipoufikia, ni pambo tu.

Hapo ndipo ufundi huonekana. Ncha za fito hutoboa nailoni, hivyo fundi makini huzivisha kipande cha tyubu kuukuu. Kwenye mizizi ya mikanda ya mabega hupiga mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Cherehani ya miguu inatosha, ilimradi sindano iwe nene na uzi usiwe ule wa kushonea vitenge.